Maji kichwani kwa mtoto mwenye uvimbe wa ubongo: yasemwayo na ukweli wake

"Kichwa chake ni cha kawaida, hawezi kuwa na maji."

Kwangu mimi, hii ndiyo dhana ya hatari kuliko zote. Kichwa hupanuka kwa mtoto mchanga kwa sababu utosi bado uko wazi na mifupa ya fuvu haijaungana. Mwenye miaka saba fuvu limeshafunga. Maji ambayo ubongo wenyewe huyatengeneza, yakizibiwa njia na uvimbe, yanaubana ubongo, na kwa nje huoni kitu. Utakachoona ni mtoto anayeamka akilia kichwa, anatapika, kisha anapata nafuu na kuomba chai. Saa nne yuko uwanjani anacheza. Ndivyo wiki zinavyopita kwa dawa za malaria, minyoo na taifodi. Akianza kuyumba akitembea, au jicho likaingia makengeza, mpelekeni hospitali yenye CT scan, mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Akisinzia na kuwa mgumu kuamka, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

"Wamtoe maji kwa sindano ya mgongoni, yaishe."

Uvimbe mwingi wa watoto huota nyuma ya kichwa, sehemu ya chini, ukaziba njia ya maji. Ukichoma mgongo, msukumo wa maji mgongoni unashuka na ule wa kichwani unabaki. Ubongo unaweza kusukumwa kwenye tundu la chini ya fuvu, mtoto akaacha kupumua.

"Lazima awekewe mpira wa maisha."

Mpira huo ni bomba jembamba la kupitisha maji yatoke kichwani. Si lazima. Daktari akiutoa uvimbe, mara nyingi njia hufunguka, na watoto wengi hawahitaji mpira wa kudumu. Wakisubiri upasuaji hupewa dawa ya deksamethasoni ili ubongo unaouzunguka uvimbe upungue kuvimba. Msukumo wa maji kichwani ukizidi, huwekwa mpira wa muda unaotoa maji nje. Mama unayelala naye wodini, usiinue kitanda wala kumkalisha bila nesi: mtambo wa mpira huo wa muda umepangwa usawa wa sikio lake, na kichwa kikipanda maji yatatoka kwa kasi mno.

Njia nyingine ni kupitisha kamera nyembamba na kutoboa kitundu ndani ya ubongo, maji yapite kando ya kizuizi. Hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, ilipata jina kwa kazi hiyo chini ya Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo, ingawa wagonjwa wake wengi walikuwa vichanga waliopata maji baada ya maambukizi.

Wapo wanaosema mtoto amerogwa; kuhusu hilo sina mengi ya kusema. Picha inaonyesha uvimbe ulipo.

"Mpira umeshawekwa, amepona."

Mpira unapitisha maji tu, uvimbe hauguswi. Tena huziba, na huingia vijidudu, hasa miezi ya mwanzo. Hata kile kitundu huweza kujifunga. Homa, kutapika au usingizi wa ajabu vikirudi, msingoje tarehe ya kliniki. Kwenye kadi paandikwe aina ya mpira na siku ulipowekwa, kwani daktari wa zamu atayauliza hayo kwanza.