Je, wajua? Picha za makabaila madukani London zililipiwa na nani?

Miaka kibao nilikuwa naamini zile picha za chapa za makabaila wa Uingereza wa karne ya 18, wale wenye mawigi na mahariri, ni kama mabango ya wagombea, yaani mwenye sura analipa, zinachapwa, zinasambazwa mtaani. Nilikosea, na sio kidogo. Mara nyingi aliyetoa hela ni mwenye duka la picha, tena alikuwa anatafuta riziki yake tu: anachagua sura itakayouzika, anamlipa fundi, anaitundika dirishani, wapita njia wanasimama kushangaa bure. Wapo makabaila waliojilipia wakagawia ndugu na marafiki, na kwa picha moja moja si rahisi kujua hela ilitoka mfuko gani, ila biashara ndio ilikuwa inasukuma mambo.

Ndio maana mke wa Duke (cheo cha juu kabisa cha ukabaila) alijikuta dirisha moja na Kitty Fisher, mwanamke aliyekuwa anawekwa na matajiri. Wote walichorwa na Joshua Reynolds, madaha yale yale. Za Kitty zilichapwa mpaka viduara vya kutia ndani ya saa ya mfukoni! Kilichowatenganisha ni maandishi ya chini, cheo kipo au hakipo. Na cheo chenyewe kiliweza kuja: madada wawili wa Gunning, familia ya Ireland isiyo na pesa, waliolewa na makabaila mwaka 1752, mmoja na Duke wa Hamilton (inasimuliwa pete ilikuwa ya pazia la kitanda). Kusema picha ndizo zilizowaozesha itakuwa chumvi, uzuri wao ulishavuma, ila sura zao zilikuwa zinauzwa kila kona.

Sasa ule weusi laini kama mahameli kwenye picha hizo unatokaje? Chukua sufuria la jiko la kuni, tako lina masizi tii, likwangue kwa ukucha, panapokwanguliwa panang'aa. Mezotinti, yaani mtindo uliochapa picha hizo, ndio hivyo. Bamba la shaba linatobolewatobolewa lote kwa chuma chenye meno mpaka linakwaruza kama msasa, ukilipaka wino ukachapa hapo unapata giza tupu. Fundi anaanza kukwangua: kidogo, panakuwa kijivu, akilainisha kabisa wino haushiki, panatoka peupe. Uso unachomoza gizani. Shida ni kwamba msasa unalika, kila nakala inaondoka na ukali kidogo, kwahiyo za mwanzo ndio zilizogombaniwa.

Mtindo huu aliubuni Mjerumani, Ludwig von Siegen, mwaka 1642, ila Waingereza waliung'ang'ania mpaka Wafaransa wakauita wa Kiingereza.

Kabla mtindo huo haujashika Uingereza picha zilichongwa kwa mistari, na wachapaji walikuwa wabahili, bamba moja linatumika tena na tena. Miaka ya 1650 fundi Pierre Lombart alimchonga Oliver Cromwell, aliyetawala Uingereza bila mfalme, juu ya farasi, kwa kuiga mchoro wa Van Dyck. Baadaye kichwa kikafutwa kwenye bamba kikawekwa cha Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, halafu kikaja cha Charles I, mfalme ambaye Cromwell mwenyewe alisaini akatwe kichwa. Farasi ni yule yule. Na kuna nakala zilizochapwa katikati ya shughuli hiyo, bwana yuko juu ya farasi na madaha yake yote, kichwa hana.