Jina Arusha halikutoka kwenye “kurusha”

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema Arusha imeitwa hivyo kwa sababu Mlima Meru “ulirusha” mawe, na kwamba anayetamka “Arusa” anakosea. Si kweli, tafadhali tusiusambaze.

Jina limetokana na Waarusha, wanaozungumza Kimaa, lugha ya Wamaasai, na kujiita Ilarusa. Kumbe matamshi ya “s” yako karibu zaidi na asili. Kiswahili ndicho kilichoweka “sh”. Muulize mzee yeyote wa Kiarusha. Au fungua ramani: Arusha Chini iko kusini mwa mji wa Moshi, mbali na Meru, na simulizi za Waarusha husema walitokea huko. Tunachanganyikiwa kwa kuwa sikio la Mswahili husikia kitenzi linachokijua.