Mwenyekiti ni yuleyule, chama si kilekile

"Mwenyekiti wetu siku hizi amekuwa dikteta." Nashauri vyama vya kuweka na kukopa, na malalamiko haya nayasikia sana kwenye vikundi vilivyogeuka SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo. Mara nyingi mwenyekiti hajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni chama.

Tazama kikao cha kikundi kidogo. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo wanazo wanachama watatu tofauti. Hisa zinanunuliwa mbele ya wote, kitabu cha mwanachama kinagongwa muhuri, fedha zinahesabiwa kwa sauti. Mama anayeomba mkopo, genge lake wanalijua, na anadaiwa wapi wanajua pia. Hapo mwenyekiti anayeamua papo hapo ni baraka, maana wanachama wenyewe ndio wakaguzi.

Wakifika mamia, ukaguzi huo wa macho haupo tena. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeliona hilo: vikundi vya kijamii viko daraja la nne, SACCOS daraja la tatu chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Inakuja bodi, kamati ya mikopo, meneja wa kuajiriwa. Tabia ndiyo inayochelewa. Fomu za mikopo zinalala mezani wiki nzima kwa sababu mwenyekiti yuko msibani, na meneja anayelipwa mshahara hathubutu kuzigusa. Hapo namwambia mwenyekiti aachie: bodi iweke sera ya mikopo, imdai meneja taarifa kila mwezi, basi.

Mikopo chechefu, yaani ile isiyolipwa kwa wakati, ikipanda, ushauri wangu unageuka. Bodi ishike usukani, isimamishe mikopo mipya kwa muda, ipitie wadaiwa jina kwa jina kila wiki. Kuna wanaotaka kuitisha warsha ya kukusanya maoni wakati huo. Siafiki kabisa, fedha za watu zinapotea. Ila amri hizo ziwe na tarehe ya kukoma, na iandikwe kwenye muhtasari. Bodi ikizoea kuamrisha, meneja mzuri ataondoka madeni yakiwa yameshalipwa.

Uchaguzi ukikaribia, naomba mkutano mkuu ujadili kwanza kazi ya miaka inayofuata: ni kukusanya madeni, kufungua tawi, au kuvuta vijana? Majina ya wagombea yasomwe baada ya hapo.