Uwajibikaji wa kiwanda kwa jamii maana yake nini?

Kiwanda kikijenga darasa au kikigawa madawati, wengi husema kimetimiza wajibu wake kwa jamii. Huo ni msaada, na tunaushukuru. Uwajibikaji wenyewe hutazamwa kwenye kazi ya kila siku ya kiwanda: moshi wake, maji machafu yake, mapafu ya kibarua anayepakia mifuko, shimo linalobaki malighafi ikishachimbwa. Ni kiwanda kubeba madhara ya kazi yake badala ya kuwatupia majirani. Uendelevu nao huuliza kama kazi hiyo inaweza kufanyika miaka na miaka bila kuwamalizia wajukuu ardhi, maji na hewa.

Pale Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1954 kwa kuchimba mawe ya matumbawe. Machimbo yakaacha uwanda mweupe wa mwamba usio na udongo, na maji ya chini yake yana chumvi. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyeajiriwa na kiwanda hicho, akaanza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Nyingi zilikufa, mvinje ukastawi. Ila majani ya mvinje, membamba kama sindano, yalirundikana bila kuoza. Haller akagundua kwamba jongoo wenye miguu myekundu huyala, akawaleta kwa wingi, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Miti mingine ikafuata, kisha ndege na wanyama. Leo ndiyo Haller Park.

Naupenda mfano huu kwa sababu kiwanda kilirudi kwenye jeraha kililolichimba chenyewe.

Hata hivyo msitu haulipi deni lote la saruji. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini kwa joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi, na jiwe lenyewe hutoa kaboni dioksidi, yaani hewa ukaa, hata moto ungekuwa safi kiasi gani. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa ya saruji hutoka kwenye jiwe hilo. Njia mojawapo ya kuipunguza ni kutumia klinka, yaani mawe yaliyokwisha kuchomwa tanurini, kidogo zaidi na kuchanganya pozolana, yaani majivu ya volkano. Kwa hiyo ukiletewa ripoti ya kiwanda cha saruji iliyojaa picha za madawati, uliza kwanza: kila tani ya saruji inatoa kilo ngapi za hewa ukaa, na mwaka jana zilikuwa ngapi?