Je, wajua kwa nini kileja kinayeyuka mdomoni na mkate wa kumimina unatafunwa, na unga wao ni ule ule?

Likishaingia kumi la mwisho la Ramadhani huku kwetu huulizi nani anaoka, unapita tu uchochoroni baada ya tarawehe harufu ya hiliki na samli inakwambia, nyumba hii wameanza, ile wako trei ya tatu, pale kona kuna mtu kaunguza. Siku ya Idi sinia linatoka na kila kitu, visheti, biskuti za nazi, zile za mashine zenye umbo la nyota, na vileja vyeupe vyenye mipasuko juu. Pembeni yake sahani ya mkate wa kumimina umekatwa pembe pembe.

Sasa hebu vitazame hivyo viwili vya mwisho. Kileja ni unga wa mchele, sukari na hiliki. Mkate wa kumimina ni mchele, sukari na hiliki. Pengine hata mchele wenyewe umetoka kwenye pakacha moja pale sokoni Darajani, Unguja. Lakini mkate ukiubonyeza kwa kidole unarudi, una vitundu vitundu, unautafuna. Kileja ukikibonyeza kimekuwa mchanga, ukikitia mdomoni ulimi peke yake unakimaliza, bibi yangu hana jino hata moja la mbele na vitano anavila huku anasema hashibi. Imekuwaje?

Ni maji tu. Mkate wa kumimina umekunywa ukashiba, kileja kimenyimwa makusudi.

Ndani ya unga wa mchele mna punje za wanga, ndogo mno, nyingi hazifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita, ndogo kuliko zile kubwa za ngano. Punje hizi zikikaa kavu hazina shida na mtu. Ukizitia maji na moto, zikifika kama nyuzi 65 mpaka 80 hivi zinaanza kunywa, zinavimba, zinapasuka na kushikana. Ndo kile unachokiona kwenye uji, unakoroga unakoroga maji matupu halafu ghafla mwiko unakuwa mzito. Mkate wa kumimina ni habari hiyo hiyo, mchele umeroekwa, umesagwa na tui la nazi, umetiwa hamira ukaumuka, ukiingia motoni zile punje zina maji ya kutosha kabisa zinavimba na kushikana zikiwa zimezunguka hewa ya hamira. Kwenye kileja punje zinapita motoni na zinatoka karibu vile vile zilivyoingia, hazikupata cha kunywa. Kwa hiyo unachokula ni vumbi la mchele lililobanwa na mafuta, basi, mengine ni mapambo.

Na mchele una jambo jengine zuri, hauna gluteni. Ngano ukiitia maji ukaikanda protini zake zinashikana zinakuwa kama mpira, ndo maana chapati inavutika. Mchele ukande mpaka kesho hauvutiki. Ndo sababu nankatai, ambazo ni za unga wa ngano, mtu akizikanda sana zinakuwa ngumu, na kileja hata mtoto akichezea donge lake hakikasiriki sana. (Hilo neno nankatai tumeletewa kutoka Bara Hindi na "nan" ni Kiajemi, maana yake mkate. Kwa hiyo ni mkate ambao hautakiwi kuwa mkate, haya.)

Halafu samli. Watu wananiuliza kwa nini samli, kwani siagi haifai? Siagi inafaa kupaka boflo, ule mkate wa ngano wa dukani. Ndani ya siagi mafuta ni kama asilimia 80 na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji, samli imeshachemshwa maji yakatoka ikabaki mafuta karibu matupu. Ukitia robo kilo ya siagi kwenye vileja umetia na maji kama gramu 40 bila ya kujua. Samli kazi yake ni kuivisha kila punje ya unga koti la mafuta, na penye koti la mafuta maji hayaingii. Na ile samli inayeyuka kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu, chini kidogo ya joto la mwili wa binaadamu, kwa hiyo mezani imeganda inashikilia kileja na mdomoni inaachia. Ndo huko kuyeyuka kwenyewe.

Mimi haya nimeyajua kwa aibu. Mwaka mmoja nilikuwa Wete, Pemba, kwa shangazi yangu, kaniachia donge nilimalizie yeye kaenda kusali. Kipimo chake ni nusu kilo ya unga wa mchele, robo samli, robo sukari iliyosagwa laini, hiliki, bekin pauda kidogo, na viini vya mayai. Nachanganya, naona mchanga. Nachanganya tena, mchanga. Nikibonyeza linashika kidogo, nikiliweka linamomonyoka, nikasema hapa pana kilichosahauliwa, nikatia maziwa vijiko vitatu. Oh! Likashika vizuri sana, nikafanya viduara vizuri vya kupigia picha, nikajaza trei mbili. Vimetoka motoni vimepoa, ukiuma kinanata kwenye magego kama ubwabwa mkavu. Shangazi kaja, kachukua kimoja, kakivunja hakikuvunjika, kilipinda.

"Mwanangu, umetia maji?"

"Hapana shangazi, maziwa."

"Na maziwa ni nini?"

Sikuwa na jibu. Akachukua donge lililobakia ambalo sikulitia maziwa, akaweka kidogo kwenye kiganja, akafunga ngumi akalikama, akafungua, akalikama tena, mara ya nne tano hivi ule mchanga ukaanza kung'ara, ukawa donge. Hakutia kitu. Joto la kiganja limelainisha samli na samli ndo gundi. Akaniambia kileja kinatiwa mkono hakitiwi maji, na mkono wenyewe uwe mkavu, ukitoka kutawadha futa kwanza.

Tangu siku hiyo kila sharti la watu wazima ambalo nilikuwa naona ni ushamba nikilitazama nakuta ni vita na maji. Mchele zamani ukiroekwa, ukitwangwa kwenye kinu, ukichekechwa, na ukishachekechwa unga unaanikwa juani kwenye sinia. Kwa nini uanikwe? Kwa sababu mchele ulioroekwa umekunywa. Leo tunanunua unga wa paketi hatujui hata hayo, ila ukisaga mwenyewe kwa blenda mchele ambao umeuosha asubuhi, uanike mpaka unga ukiushika uteleze baina ya vidole kama poda.

Mayai nayo. Ute wa yai ni maji karibu asilimia 90, kiini ni kama nusu tu na kina mafuta yake. Kwa hiyo viini vinakwenda kwenye vileja. Na ute je? Unakwenda kwenye mkate wa kumimina, ambao unautaka kwa sababu ute unasaidia kushika hewa. Yaani yai moja linagaiwa, kila mmoja kapata haki yake, na sidhani kama aliyeanza hivi alikaa akafikiri habari ya asilimia, kaona tu kinachofanya kazi. Kuna wanaotia yai zima na vileja vinatoka, sikatai, ila vinakuwa vigumu kidogo na mimi si mpenzi.

Ile mipasuko ya juu nayo watu wanadhani ni kasoro, na si kasoro. Kileja kikiingia motoni ngozi ya juu inakauka mwanzo, chini yake samli inayeyuka na bekin pauda inatoa gesi, ndani kunataka kutanuka. Kama ingekuwa ngano ngozi ingevutika. Hii haivutiki, inachanika. Kwa hiyo ukiona kileja kimepasuka kama udongo wa kiangazi ujue ndani ni kikavu sawa sawa, kikiwa laini juu kama kipara mimi naanza kumshuku mwenye nyumba katia maziwa.

Moto nao una maneno. Wenye oveni wanaweka nyuzi 170 au 180 wanakaa robo saa, dakika ishirini, wakitazama chini kumeanza kuwa kahawia na juu bado kweupe wanatoa. Kabla ya oveni ilikuwa ni sufuria juu ya seredani, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, na hapo akili yote ni makaa ya chini yasizidi. Chini kunagusana na bati lenye moto kwa hiyo kunaungua mbio, juu moto unashuka taratibu unakausha ngozi. Umeme ukikatika siku ya arafa ya Idi, na unajua mwenyewe huwa unachagua siku, mwenye seredani anakuwa shekhe wa mtaa.

Kikitoka motoni usikiguse. Kitakuwa laini utadhani hakijaiva, wengi wanarudisha motoni hapa wanaunguza. Kimeiva, samli bado ni maji, ikiganda kinasimama chenyewe. Na usivitie mkebeni vikiwa na joto ukafunika, mvuke utakosa pa kutokea utarudi kwenye vileja, umehangaika usiku kucha kuzuia maji halafu unavifungia nayo ndani.

Hapa msimu ndo unaingia. Mwaka wa kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11 kwa hiyo Idi inarudi nyuma kila mwaka, inatuzungusha misimu yote. Idi ndogo ya 2024 ilikuwa Aprili, 2025 ikaangukia mwisho wa Machi, huko ni masika, hewa ya visiwani imejaa unyevu na sukari ni mroho wa unyevu, kileja ukikiacha wazi usiku mmoja asubuhi kimelegea. Ukiweka boflo hapo hapo pembeni baada ya siku mbili boflo limekuwa gumu na kileja kimekuwa laini, hewa ile ile moja, boflo lina maji mengi linatoa, kileja hakina kinavuta. Tukienda mbele Idi inaingia kwenye kaskazi, ikifika 2030 itakuwa mwanzoni mwa Februari, na joto lile samli kwenye kopo ni mafuta ya kumimina. Donge lako litalegea bila ya maji, vileja vitatandazika kwenye trei kama chapati. Hapo usiongeze unga, mchele ukizidi kinakuwa chaki. Litie donge kwenye friji nusu saa, au fanya kama wanavyofanya wengi, oka baada ya daku upepo ukiwa umepoa.

Na vile vilivyolegea siku ya tatu ya sikukuu, usiwape kuku. Virudishe kwenye oveni nyuzi 150 dakika tano sita, maji yatoke, uvipoze kabisa juu ya trei kabla ya kuvigusa. Mkate wa kumimina ukijaribu hivyo hivyo utapata tofali.