Nafuu ya Kodi kwa Magari ya Umeme Colorado: Yanayosemwa na Yaliyo Kwenye Sheria

Waswahili wa Denver na Aurora ni wengi, na wengi wao hula kwa usukani: Uber, Lyft, kupeleka mizigo na chakula. Kwao gari la umeme ni suala la mfukoni kabla ya kuwa suala la hewa safi. Nimekuwa nikiwasaidia jamaa kujaza fomu za kodi, na kila msimu nawakuta watu waliopoteza maelfu ya dola kwa sababu ya uvumi wa WhatsApp. Inaniuma, kwa sababu fedha hizi, yaani nafuu ya kodi kwa anayenunua gari la umeme, zimewekwa kisheria na mwenye haki nazo ni mnunuzi. Haya ndiyo yanayosemwa, na jibu la kila moja.

"Trump amefuta, basi imekwisha."

Kilichofutwa ni nafuu ya serikali kuu. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliikomesha kwa magari yaliyopatikana baada ya Septemba 30, 2025. Ilikuwa hadi dola 7,500 kwa gari jipya na hadi 4,000 kwa gari lililotumika. Jimbo la Colorado lina nafuu yake, iliyopitishwa na bunge lake na kulipwa kutoka hazina yake, na Washington, D.C. haiwezi kuifuta kwa sahihi hiyo.

Ila imepungua, na imepungua sana. Kuanzia Julai 2023 hadi mwisho wa 2024 ilikuwa dola 5,000. Mwaka 2025 ikawa 3,500. Tangu Januari 1, 2026 ni dola 750 tu. Sheria yenyewe iliagiza kwamba makadirio ya mapato ya jimbo yakionyesha ukuaji dhaifu, kiwango kikatwe nusu, na ndivyo ilivyotokea: 1,500 zilizopangwa zikawa 750. Kwa hiyo anayekwambia "nilipata elfu tano" huenda anasema kweli, lakini ni kweli ya mwaka wake. Muulize alinunua lini.

Wanaosikia 750 hukata tamaa wakaondoka, na hapo ndipo wanapokosea. Kuna nyongeza ya dola 2,500 kwa gari ambalo bei yake ya mtengenezaji iko chini ya dola 35,000, nayo imebaki vilevile. Gari la umeme la dola 33,000 leo linaleta 3,250. Gari la 36,000 linaleta 750. Tofauti ya bei ni elfu tatu. Kwenye nafuu umepoteza 2,500 nyingine. Ukiwa unachagua kati ya toleo la kawaida na lile lenye vikorombwezo, fanya hesabu hii kabla ya kupendezwa na viti vya ngozi.

"Nimepatana hadi 34,000, basi nimeingia."

Inategemea. Kinachoangaliwa ni bei iliyopendekezwa na mtengenezaji, ile inayoonekana kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha dirisha la gari jipya. Umahiri wako wa kupatana hauibadilishi. Gari la 37,000 ulilopewa kwa 34,000 ni dili zuri, lakini kwa macho ya jimbo bado ni gari la 37,000. Upande wa juu kuna ukomo wa dola 80,000: gari lililozidi hapo halipati kitu.

"Mimi silipi kodi kubwa, hainihusu."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wanyonge kuliko zote, na ina mzizi wa kweli. Nafuu ya serikali kuu, ukiidai mwenyewe kwenye fomu, ilikuwa inakomea kwenye kodi unayodaiwa: ukidaiwa 2,000, umepata 2,000, basi. Watu wakaichukua kanuni hiyo wakaibandika kwenye nafuu ya jimbo. Lakini ya Colorado ni ya kurejeshwa. Kodi yako ya jimbo ikiwa dola 400 na nafuu ikiwa 3,250, zile 400 zinafutwa na 2,850 zinakuja kwako. Hata ukidaiwa sifuri, zinakuja. Mama mwenye watoto wanne na kipato kidogo ana haki sawa na mhandisi wa Boulder.

Na upande wa pili wa uvumi huo, kwamba mwenye kipato kikubwa hapati, nao umetoka kwenye sheria ya serikali kuu, iliyokuwa na ukomo wa dola 150,000 kwa asiye na mwenza na 300,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Nafuu hii ya Colorado haina ukomo wa kipato.

"Ukichukua kwa lizi, nafuu ni ya kampuni."

Lizi ni kukodi gari kwa mkataba wa muda mrefu na kulipa kila mwezi. Kwa nafuu ya serikali kuu ilikuwa hivyo kweli. Kampuni iliyomiliki gari ndiyo iliyodai zile 7,500, kisha ikaamua yenyewe ikupunguzie malipo ya mwezi au la. Colorado inamtambua aliyekodi. Sharti ni mkataba wa lizi usiopungua miaka miwili, gari liwe jipya, na lisajiliwe Colorado.

Hapa simama usome mkataba kwa utulivu, hata kama muuzaji anaangalia saa. Jimbo linaruhusu mteja kukabidhi nafuu yake kwa yadi au kwa kampuni inayotoa mkopo, ili apunguziwe bei palepale badala ya kungoja msimu wa kodi. Ni utaratibu mzuri kwa asiye na akiba. Lakini yadi hailazimiki kuukubali, na wewe hulazimiki kusaini. Ukisaini, kima ulichokabidhi kionekane kwa tarakimu kwenye mkataba, kikiwa kimetenganishwa na punguzo la yadi yenyewe. Muuzaji akikwambia "tumeshaiweka humo," mwambie akuonyeshe mstari. Na ukishaikabidhi, imekwenda. Usiidai tena kwenye fomu yako, maana jimbo lina jina lako na namba ya chasisi ya gari.

Usipoikabidhi, unaidai mwenyewe unapojaza kodi ya jimbo, kwa fomu DR 0617. Tunza mkataba, kadi ya usajili, na picha ya ile karatasi ya kioo cha dirisha. Ipige siku hiyohiyo uliyo yadi.

"Colorado wanagawa magari bure."

Mwaka 2024 kulikuwa na matangazo ya Nissan Leaf kwa malipo ya mwezi yasiyozidi bei ya chakula cha mchana, na Fiat 500e ilitangazwa kwa dola sifuri kwa mwezi. Haikuwa uongo. Wakati ule lizi ilibeba 7,500 za serikali kuu, 5,000 za jimbo na 2,500 za nyongeza kwa pamoja. Za serikali kuu zimeondoka, na za jimbo zimebaki kama nilivyoeleza. Ukiona tangazo la namna ile leo, soma maandishi madogo mara mbili.

"Prius yangu ni ya umeme nusu, inafaa."

Prius ya kawaida haifai. Haibrid, yaani gari la petroli na umeme pamoja, inayojichaji yenyewe barabarani haimo. Ile ya kuchomeka kwenye umeme inaweza kuingia. Kigezo ni kama gari linachajiwa kutoka nje.

"Gari lililotumika halina msaada wowote."

Ni kweli kwamba nafuu hii ni ya magari mapya tu. Lakini kuna mpango mwingine wa jimbo, Vehicle Exchange Colorado, ambao wengi wetu hawajausikia, ingawa umetengenezwa kwa watu wa kipato kama chetu. Unatoa gari lako la zamani au linalotoa moshi mwingi, unapewa vocha ya kununulia au kukodi la umeme, jipya au lililotumika. Mwishoni mwa 2025 vocha zilipandishwa hadi dola 9,000 kwa jipya na 6,000 kwa lililotumika. Huu una ukomo wa kipato, na familia zilizo kwenye Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au SNAP (msaada wa chakula) zina njia fupi ya kuthibitisha kwamba zinastahili. Vocha hutolewa kwa mafungu na huisha haraka, kwa hiyo andaa nyaraka zako kabla fungu halijafunguliwa. Na jambo moja la kukazia: omba vocha kwanza, gari baadaye. Ukishanunua, ukarudi kuomba, umechelewa.