Je, wajua? Kinachoharibu mbata ndicho kinachoweza kutengeneza dizeli

Mkaushaji wa mbata yeyote, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, anajua kwamba nazi ikianikwa wakati wa mvua na ikabaki na unyevu, huota ukungu. Mafuta yanayokamuliwa humo huwa na harufu kali, yanawasha kooni, na mnunuzi huyarudisha. Mharibifu hapo ni kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, ambacho ukungu hukitoa ili uweze kuyala mafuta. Kinaitwa lipasi. Ndugu zake lipasi hiyo, waliovunwa kutoka kwa kuvu na hamira za aina mbalimbali, ndio wanaotumika viwandani kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya kuendeshea gari.

Iweje kitu kimoja kiharibu huku na kijenge kule?

Tuanze na mafuta yenyewe. Molekuli moja ya mafuta, yawe ya nazi, ufuta au karanga, ni kama chane yenye ndizi tatu: kikonyo ni gliseroli, na ndizi ni asidi za mafuta. Ukubwa huo ndio unaofanya mafuta ya kula yawe mazito, yaani yatiririke kwa shida, mara nyingi mazito zaidi ya mara kumi kuliko dizeli. Injini inaweza kuyachoma hivyohivyo. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya mtindo wa Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. (Karanga ndizo zilizowaleta Waingereza kufyeka mapori ya Nachingwea miaka ya 1940, ila wao walikuwa wanatafuta mafuta ya kula.) Lakini ukiyatumia muda mrefu, nozo, yaani tundu za kupulizia mafuta ndani ya injini, huziba na masizi hujaa. Kwa hiyo asidi zile tatu hutenganishwa na gliseroli, kisha kila moja hupewa mwenzi mdogo, yaani methanoli, ambayo ni aina ya spiriti. Kilo 100 za mafuta huungana na kilo 11 hivi za methanoli, zikatoa karibu kilo 100 za bayodizeli, yaani dizeli ya mafuta ya mimea, na kilo 10 hivi za gliseroli, ileile inayouzwa madukani kama gliserini.

Lipasi kazi yake ni kukata pale asidi ilipojishikiza. Baada ya kukata, humkabidhi asidi yeyote aliye karibu. Kwenye mbata yenye unyevu aliye karibu ni maji, na matokeo yake ni asidi huru: ndiyo ile inayowasha kooni. Ndani ya pipa la kiwandani aliye karibu ni methanoli, na matokeo ni bayodizeli. Kimeng'enya hakijabadili tabia, kimebadilishiwa jirani.

Viwanda vingi vya bayodizeli, hata hivyo, havitumii lipasi. Vinatumia alkali, kwa mfano kostiki soda ileile ya watengeneza sabuni. Ni rahisi kwa bei na ina kasi: kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kazi inaisha kwa saa moja au mbili. Shida yake ni kwamba inadai mafuta safi. Asidi huru zikizidi asilimia moja hivi, alkali huzigeuza kuwa sabuni, gliseroli haijitengi vizuri na bayodizeli, na unabaki na uji wa povu pipani. Hata mambo yakienda sawa, bayodizeli hiyo huoshwa kwa maji mengi ili kuondoa mabaki ya alkali, na maji yale machafu yanahitaji pa kwenda.

Sasa fikiria mafuta yaliyokaanga samaki pale feri ya Mtwara tangu asubuhi. Yameiva mara nyingi, yana maji ya samaki, yana asidi huru tele. Kwa alkali hayo ni balaa. Kwa lipasi ni chakula cha kawaida, kwa sababu yenyewe huziunga na methanoli hata zile asidi ambazo tayari zimeshaachana na gliseroli. Inafanya kazi kwenye nyuzi 30 hadi 45, joto ambalo mchana wa Lindi unalikaribia bila kuni. Maji kidogo inayahitaji kabisa: lipasi nyingi zina kifuniko juu ya sehemu inayokata, na kifuniko hicho hufunguka zinapofika pale mafuta yanapokutana na maji. Maji yakizidi, inarudia mchezo wa mbata.

Adui wake mkubwa ni methanoli yenyewe. Ukiimimina yote kwa mkupuo, haichanganyiki vizuri na mafuta, na matone yake huiharibu lipasi ikapoteza umbo. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1999 kwamba ukiigawa methanoli kwa awamu tatu, kimeng'enya kinadumu. Walitumia lipasi ya Candida antarctica, hamira iliyopatikana mara ya kwanza kwenye bara la barafu la Antaktika, na ambayo ajabu yake ni kwamba lipasi yake inastahimili joto kuliko nyingi. Zamani lipasi hizo zilibandikwa kwenye punje za plastiki ili zitumike tena na tena, jambo lililozifanya ghali. Mwaka 2014 kampuni ya Novozymes ya Denmark ilileta sokoni lipasi ya kimiminika, isiyobandikwa kwenye punje, ya bei nafuu zaidi kwa kazi hii. Bado ni ya taratibu, karibu siku nzima badala ya saa moja.

Kwa maoni yangu, kuimwagia teknolojia hii ufuta wa Lindi au nazi nzuri ni upuuzi, kwani mafuta hayo yana bei jikoni. Nafasi yake ni kwenye mafuta ambayo yangemwagwa mtaroni. Na asijaribu mtu nyumbani: methanoli hupofusha na kuua, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Isitoshe, methanoli nyingi duniani hutokana na gesi asilia, gesi kama ile iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, kwa hiyo hata bayodizeli ina mguu mmoja chini ya ardhi.

Je, gongo ya mabibo haiwezi kushika nafasi ya methanoli? Ethanoli, yaani kileo kilichomo kwenye gongo, inaweza, tena huiumiza lipasi kidogo zaidi. Lakini gongo ina maji mengi mno. Ingebidi ikaushwe hadi ibaki ethanoli karibu tupu, na hiyo ni gharama nyingine.

Na yale mafuta meusi ya maganda ya korosho, yanayowababua mikono wabanguaji? Hayo lipasi haiyawezi. Sehemu yake kubwa ni asidi anakadi na jamaa zake, ambazo si asidi za mafuta za aina ile wala hazikujengwa juu ya gliseroli, basi hakuna cha kukata. Soko lake liko kwenye breki za magari, rangi na gundi za viwandani, au huchomwa kwenye boila kama yalivyo.